Kama ni Mbovu, Mbona Unailipia? Kwa Nini Shabiki Huikosoa Gemu Anayoipenda

Jumamosi moja jioni, katika kibanda cha gemu kilichoko Kondele, Kisumu, nilimkuta kijana akimlaumu golikipa aliyekuwa ndani ya runinga. Alisema kipa huyo hatoki langoni mpira wa juu unapopigwa, kwamba katika toleo la mwaka uliotangulia alikuwa akitoka, na kwamba walioitengeneza gemu hiyo wameiharibu makusudi ili wapate cha kurekebisha mwaka ujao. Alikuwa amelipia mechi nne siku hiyo. Mama anayekaanga samaki mlango wa pili, ambaye alikuwa amemletea mteja sahani yake, alisimama akasikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, kama ni mbovu hivyo, mbona unailipia?" Kijana akamjibu, "Mama, ni kwa sababu naijua," na akamkabidhi mhudumu sarafu ya mechi ya tano.

Swali la mama yule ndilo wanalouliza wazazi wengi, na ndilo linalozuka kila Septemba matoleo mapya ya gemu za kandanda yanapotoka, mitandao ikajaa lawama za watu ambao, ukiwachunguza, ndio walewale waliokesha wakiyasubiri. Wapo wanaosema kwamba vijana hawa hawana shukrani, na wapo wanaosema kwamba wamenaswa na uraibu kiasi cha kuchukia kile wasichoweza kukiacha. Naamini majibu yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Kijana yule alijibu sawasawa, ila jibu lake ni fupi na linahitaji kufunguliwa.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Gemu, katika makala haya, ni mchezo wa video, uwe wa kuchezwa kwenye PlayStation, kwenye kompyuta au kwenye simu. Shabiki wa dhati ni mtu aliyeipa gemu moja muda wake kwa miezi au miaka, ambaye vidole vyake vinavijua vitufe vya pedi hata gizani, na ambaye anayakumbuka matoleo yaliyotangulia. Neno la tatu, kukosoa, lataka kutazamwa kwa makini. Kitenzi hiki kimetokana na kosa kwa njia ileile ambayo fungua kimetokana na funga, na zibua kikatokana na ziba: umbo la kitenzi linatengua kile kilichotendwa. Anayefungua anataka mlango uwe wazi, na anayekosoa anataka kosa liondoke. Kulalamika ni tofauti, kwa kuwa mtu anaweza kulalamika bila hata kutaja kilichomuumiza. Na kutukana ni tofauti zaidi, kwa kuwa anayetukana ameshaacha kazi na sasa anamshambulia mtu. Haya matatu husikika kama sauti moja kibandani, na mara nyingi hutoka katika kinywa kimoja ndani ya dakika moja, ndiyo sababu anayesikiliza kwa mbali huyachukua yote kuwa chuki.

Mama yule wa samaki, bila kujua, ndiye mfano bora wa jambo alilolishangaa. Kila asubuhi anapoletewa ngege, hufunua mashavu yake kuona kama ndani bado ni mekundu, kisha huibonyeza nyama kwa kidole gumba na kungoja kuona kama itarudi. Isiporudi, hubishana na aliyeileta, na ubishi huo husikika hadi ng'ambo ya barabara. Anatambua samaki wa ziwani na yule aliyegandishwa akasafirishwa kutoka China hata kabla ya kumtia mafutani. Mgeni aliyeshuka basi mchana huohuo atakula yeyote kati ya hao na kusema ni mtamu, kwa sababu hana cha kulinganisha. Hakuna mtu ambaye amewahi kumwambia mama huyo kwamba hapendi samaki. Ulimi uliozoea ndio unaoona kasoro, na macho yaliyozoea gemu moja kwa saa elfu moja huona vitu ambavyo mgeni hatavigusa kamwe.

Nina mfano mmoja ninaoupenda sana kuhusu macho ya namna hiyo. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka mwaka 2004, na kizazi kizima katika miji yetu kiliicheza kwenye PlayStation 2 na kwenye kompyuta za saiba. Mnamo Novemba 2021 kampuni ya Rockstar Games iliuza upya gemu hiyo na nyingine mbili za zamani, zikiwa zimepigwa msasa ili zipendeze kwenye runinga za kisasa. Katika mji wa ndani ya San Andreas kuna duka la donati ambalo ishara yake ni nati kubwa, ile ya kufungia bolti, kwa sababu kwa Kiingereza majina ya vitu hivyo viwili yanakaribiana na vyote vina tundu katikati. Katika gemu ya zamani nati hiyo ilikuwa na pembe sita. Katika ile mpya imekuwa duara laini, kwa kuwa kazi ya kulainisha kingo za maumbo iliipitia bila kujali inalainisha nini. Mtu asiyeijua gemu hiyo angeona duara tu na kupita. Fundi yeyote wa jua kali, kwa upande wake, angecheka kwa uchungu, kwa sababu nati ya duara haishikiki na spana, na shabiki aliyepita mbele ya duka hilo mara mia akiwa kijana aliona mara moja kwamba mzaha wa waundaji wa awali umefutwa na mkono usiouelewa. Kampuni iliomba radhi mwezi huohuo, ikakiri kwamba ubora haukufikia kiwango chake, na ikayarudisha sokoni matoleo ya zamani kwa wanaotumia kompyuta.

Kero ya nati hiyo, ikichukuliwa peke yake, ni ndogo. Uzito wake uko katika kile inachokidhihirisha: kama waliopewa kazi hawakuona kosa lililo kubwa kama ishara ya duka, ni mangapi mengine hawakuyaona? Shabiki anayeshikilia jambo dogo kwa kawaida anakuonyesha dirisha la jambo kubwa, hata pale anaposhindwa kulieleza vizuri.

Sababu ya pili inahusu namna gemu za siku hizi zinavyouzwa. Ukinunua sufuria katika soko la Kibuye, biashara imekwisha. Sufuria ni yako, na aliyekuuzia hawezi kuja usiku kubadilisha mpini. Zamani gemu ilikuwa hivyo pia, diski ikitoka kiwandani imetoka. Leo gemu nyingi zinafanana na nyumba ya kupanga. Unalipa na kuingia, lakini mwenye nyumba ana ufunguo wake, na kupitia intaneti huleta masasisho, yaani marekebisho yanayoingia ndani ya gemu uliyokwisha kuinunua: leo ameongeza chumba, kesho amehamisha mlango, keshokutwa amepunguza kasi ya mshambuliaji uliyejizoeza naye miezi mitatu. Mpangaji anayelalamikia paa linalovuja hamaanishi kwamba anaichukia nyumba. Anaishi humo, mvua inanyesha, na anajua kwamba paa linaweza kuzibwa. Hapo ndipo wazazi wetu wanapokosea wanapofananisha lawama za watoto wao na kumlaumu mchezaji wa filamu iliyokwisha kupigwa. Katika gemu ya leo, sauti ya mchezaji inaweza kweli kubadilisha kitu, na mtu hupaza sauti pale anapoamini kuna sikio.

Mwanauchumi Albert Hirschman alilieleza jambo hili mwaka 1970, bila kuwaza gemu hata kidogo. Alikuwa ameitazama reli ya Nigeria, ambayo ilizidi kuzorota ingawa malori yalikuwa yakiinyang'anya mizigo ya karanga kutoka kaskazini mwa nchi. Kawaida tungetarajia ushindani uishtue. Hirschman aliona kwamba wateja wenye kujali ubora, ambao wangepiga kelele zaidi kuliko wengine, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malori, na reli ikabaki na wasiosema. Akahitimisha kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomzuia asiondoke upesi na kumfanya aseme. Msomaji wa Kisumu, mji uliozaliwa na reli mwaka 1901, hahitaji kuelezwa zaidi jinsi reli inavyoweza kunyamaziwa hadi ikaota majani.

Kwa shabiki wa gemu, kuondoka kuna gharama ambayo mtu wa nje haioni. Ustadi wake umo mle, marafiki zake wamo mle, na mara nyingi hakuna mlango mwingine wa kugonga. Waliokulia Winning Eleven wanalijua hili vizuri. Konami, kampuni ya Japani iliyoitengeneza gemu hiyo ya kandanda, iliiacha njia yake ya zamani na tarehe 30 Septemba 2021 ikatoa eFootball bila malipo, ikiwa na nyuso za wachezaji zilizopinda na wachezaji wanaoteleza kama wako kwenye matope. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikashuka hadi kuwa miongoni mwa gemu zilizopewa alama mbaya kuliko zote, na kampuni ikaomba radhi. Sasisho kubwa la kurekebisha lilikuja Aprili 2022. Waliopiga kelele zaidi siku zile walikuwa watu waliokuwa wameitetea gemu hiyo miaka mingi dhidi ya mashabiki wa FIFA, gemu pinzani ya kandanda ya kampuni ya EA, na nilizisoma lawama zao kama mtu anavyosikia maombolezo.

Mapenzi yaliyo ndani ya ukosoaji yalionekana wazi kuliko popote, kwa maoni yangu, katika kisa cha Mass Effect 3. Huo ulikuwa mwisho wa hadithi ya sehemu tatu, zilizotoka mwaka 2007, 2010 na 2012, ambayo mchezaji aliahidiwa kwamba maamuzi yake ya tangu sehemu ya kwanza yangeamua hatima ya wahusika. Ilipofika Machi 2012, wachezaji wakagundua kwamba miisho mitatu waliyopewa haitofautiani sana zaidi ya rangi ya mwanga unaotanda angani: mwekundu, wa buluu au wa kijani. Kundi moja la mashabiki likachanga fedha na kuitumia ofisi ya BioWare, kampuni iliyoitengeneza gemu hiyo, katika mji wa Edmonton nchini Kanada, keki ndogo 402 zenye sukari ya rangi hizo tatu. Zote zilikuwa na ladha moja ya vanila. Sijawahi kuona hoja iliyopangwa kwa adabu zaidi ya hiyo: chagua rangi uitakayo, utakachokula ni kilekile. Mashabiki haohao walichanga pia zaidi ya dola 80,000 kwa shirika linalosaidia watoto walio hospitalini, na mnamo Juni mwaka huohuo kampuni ikatoa, bila malipo, nyongeza iliyoufafanua mwisho ule. Mtu asiyejali hatumi keki.

Fedha ndizo zinazoibua ukosoaji mkali kuliko wote, na hapa kuna neno moja zaidi la kufafanua. Visanduku vya bahati ni pakiti zinazouzwa ndani ya gemu bila mnunuzi kujua kilichomo. Wanaokumbuka chingamu iliyokuwa na picha ya mchezaji ndani ya karatasi wanaujua mchezo huo, ila chingamu ile ulikuwa bado unaitafuna hata picha ikiwa ya mtu usiyemtaka. Mwaka 2017 kampuni ya EA ilipokaribia kutoa Star Wars Battlefront II, wachezaji walipiga hesabu wakaona kwamba kumpata shujaa mmoja mashuhuri kungehitaji saa zipatazo 40 za kucheza, ilhali gemu yenyewe ilikuwa imelipiwa bei kamili. Kampuni ilijibu katika mtandao wa Reddit kwamba nia yake ilikuwa kumpa mchezaji fahari ya kujitafutia. Jibu hilo lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 667,000, nyingi kuliko jibu lolote katika historia ya mtandao huo, na kabla ya siku ya uzinduzi wa jumla, Novemba 17, manunuzi ya ndani ya gemu yakasimamishwa. Miezi michache baadaye, Aprili 2018, tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya aina hiyo, vikiwemo vya FIFA 18, vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Katika nchi kama yetu, ambako kubeti kumemaliza karo na kodi za nyumba nyingi, nadhani wazazi walipaswa kuwasikiliza vijana waliolalamikia pakiti hizo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu walikuwa wakiyasema yale ambayo wazazi wenyewe wangesema.

Kuna pia kisa kinachotugusa sisi kwa njia ya pekee. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Sony inaruhusu akaunti za mtandao wake wa PlayStation, na ndiyo maana akaunti nyingi za hapa zimefunguliwa kwa anwani ya Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Mnamo Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti hiyo, ingawa gemu ilikuwa imeuzwa hata katika nchi ambako haipatikani. Ndani ya siku chache zaidi ya tathmini 200,000 mbaya zilikuwa zimeandikwa, nyingi na watu ambao hawakuwa na tatizo lolote la akaunti lakini hawakukubali wenzao wafungiwe nje. Sony ikaliondoa sharti hilo. Watu hao walikuwa wakiipenda gemu hiyo kwa dhati, na tathmini mbaya ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo.

Pamoja na hayo yote, itakuwa kosa kudhani kwamba shabiki yuko sahihi kila anaposema. Katika vibanda vyetu kuna imani kubwa kwamba gemu za kandanda huamua mshindi, kwamba ukiongoza mabao mawili miguu ya wachezaji wako inafanywa mizito ili mpinzani arudi. EA imekanusha mara nyingi, na kesi iliyofunguliwa California mwaka 2020 kuhusu madai hayo iliondolewa na walalamikaji wenyewe mwaka uliofuata, baada ya kupewa maelezo ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi. Ninachokiona mimi ni kwamba hisia ya kijana anayefungwa dakika ya 89 ni ya kweli, lakini sababu anayoitaja siyo. Shabiki ni shahidi mzuri wa mahali panapouma. Kueleza chanzo cha maumivu ni kazi nyingine, na hapo mara nyingi hukosea.

Na kuna mpaka ambao ukivukwa jina la kukosoa halifai tena. Mwaka 2020, baada ya The Last of Us Part II kutoka, mwigizaji Laura Bailey alitumiwa vitisho vya kuuawa kwa sababu tu alikuwa amempa sauti mhusika ambaye wachezaji wengi walimchukia. Sisi tunaoishi kati ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaijua tofauti hiyo kutoka viwanjani. Shabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, anayesema winga harudi nyuma kukaba ametoa hoja ambayo kocha anaweza kuifanyia kazi Jumatatu. Anayerusha jiwe hana hoja, na wenzake wa jukwaa lilelile ndio wanaolipa pale timu inapotozwa faini au kucheza bila watazamaji.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni kudhani kwamba kimya kinaashiria kuridhika. Mtu aliyechoka na gemu haandiki chochote. Siku moja hukumbuki uliacha lini kumwona kibandani. Mhudumu wa pale Kondele analijua hili kuliko wachambuzi wengi, kwa sababu mapato yake yanategemea benchi lililojaa. Ana runinga mbili na daftari la zamu. Toleo jipya lilipofika aliliweka kwenye runinga zote mbili, na kwa wiki nzima akasikia kuhusu kipa asiyetoka langoni, kutoka kwa wateja walewale, kila jioni. Wiki ya pili wawili kati yao hawakuja. Hapo ndipo alipokwenda kwenye kabati, akalitoa toleo la mwaka uliotangulia na kulirudisha kwenye runinga ya kushoto.

Nilipopita tena, daftari lilikuwa na safu mbili za majina. Safu ya kushoto ilikuwa imejaa hadi chini ya ukurasa. Kijana yule alikuwa amejiandikisha katika zote mbili, na alipokuwa akingoja zamu ya kwanza alikuwa akimweleza mwenzake, kwa mikono, umbali hasa ambao kipa angepaswa kutoka.